Ombi la Kukuhamishia Mkolani

Baba,

Shikamoo. Kwa niaba ya familia, natangaza rasmi kuondokewa na kiti chako cha kukunja, kile chenye mguu mmoja wa kuazima. Maji yalikichukua asubuhi, na mara ya mwisho kilionekana kikielekea Ukerewe bila kulipa nauli.

Ziwa limepanda, Baba. Ulilipaka jiwe rangi pale ufukweni, ukatuambia, "Hapa halipiti, ziwa lina adabu." Limepita. Liliingia jikoni kwa mama bila hodi. Tangu biashara iwe huria kila mtu anaingia anapotaka. Nadhani na ziwa limesikia.

Tulipokuzika, pamba yote Magu ilikuwa inakauka. Tulipanda, tukarudia kupanda, jua likala mbegu. Halafu mvua hii ikaja, ikasahau kuondoka. Nimesoma kwenye gazeti lililofungiwa sukari kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na kuna mahali watu watashindwa kuishi. Kipande cha kutaja mahali penyewe kilikuwa kimechanika. Nilipomsomea mama, akauliza kama moshi wa kuni zake nao umo. Nikamwambia wake ni mdogo. Hakuniamini, siku hizi anapika akiangalia juu.

Mama tumemleta kwangu, Mkolani. Analala upande mmoja wa kitanda, wako hajaugusa. Anakataa kuzoea. "Siwezi kumwacha baba yenu kwenye maji," anasema, "mtu ambaye hata kuoga ya baridi alikuwa haogi." Ni kweli. Nilikuwa nakuchemshia mimi, nawe unachovya kidole kwanza, unaniangalia.

Mwezi uliopita, toka kaburini kwako hadi majini zilikuwa hatua ishirini. Jana nimehesabu kumi na moja. Mdogo wako Masanja na wazee wa ukoo wamekaa, wakasema marehemu hahamishwi kabla hajaulizwa, na anayeuliza awe mtoto wake.

Basi nakuuliza, Baba. Mkolani ni mwinuko na mawe, pamba hakuna. Najua hutapapenda. Lakini mama yuko huku.

Enzi zako ukikataa jambo, mpaka majirani walijua. Kwa hiyo ukinyamaza, nitaelewa.

Nakuaga kwa siku chache tu. Naahidi, Jumamosi nitakubeba mwenyewe upande wa kichwa, taratibu, sitakutikisa.

Kaburi la huku limeshachimbwa tangu Jumanne.