Mistari ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Msimu wa mayai ya mapambo umeanza. Trei mbili za mayai mezani na mashavu yangu yanauma kwa kupuliza. Toboa juu, toboa chini, puliza — ute na kiini vishuke bakulini. Dada anasema napuliza kama mtu anayezima moto. Basi apulize yeye! Tutakula mayai wiki hizi mpaka nitage mwenyewe.

Mwenye duka la mapambo anataka arobaini mwaka huu, yote ya mkono wa Dada. Alisema hivyo hivyo, "mkono wa dada yako", kama vile mimi ni trei. Haya. Miaka ishirini na sita kazi yangu ni kutoboa, kuosha kwa siki, kupaka rangi ya chini, na mwisho kabisa vanishi. Michoro ni yake. Majani, ndege wadogo, mistari myembamba kama unywele, na hatumii penseli hata kidogo.

Leo kachora la kwanza. Nilikuwa namwangalia mkono. Dawa ya kutetemeka anameza tangu Novemba, mazoezi anaenda kila Jumanne na Alhamisi, lakini mkono bado unacheza. Mstari umekwenda kama sisimizi aliyepotea. Akaniuliza, "Vipi?"

Nikasema zuri.

Jumanne, 4 Machi

Dada alipokwenda mazoezi nikachukua lile yai nilipake vanishi. Nikashindwa. Nikisha kulipaka ndiyo basi, halifutiki tena. Nikachukua pamba, nikailowesha, nikafuta. Nikachora upya. Mkono wake naujua kuliko wangu — nimekaa ubavuni pake miaka yote hii. Nusu saa tu.

Aliporudi akalishika yai dirishani kwenye mwanga. Kisha: "Kumbe bado naweza."

Aligeuza uso. Najua alikuwa analia.

Nilimwonea huruma, basi. Yai moja.

Alhamisi, 6 Machi

Matatu leo.

Anasema akichora huona kama mstari unapinda, lakini yai likikauka unanyooka. Anadhani ni macho. "Au vanishi yako ina uchawi!" Tukacheka wote wawili. Kicheko changu kilichelewa kidogo, nadhani hakugundua.

Mwizi huchukua. Mimi naweka. Sasa mbona naingia chumbani kwa kunyata?

Ijumaa, 14 Machi

Mayai ishirini na mawili. Niandike ukweli, maana hapa hakuna atakayesoma: ninafurahia. Ninaamka nikiwaza majani. Jana nilimchora ndege aliyegeuza shingo anajikuna mgongoni. Dada hajawahi kuchora ndege wa namna hiyo maisha yake yote. Wake wote wanatazama mbele, kama wako studio wanapigwa picha. Sikumwiga. Nilijisahau tu, brashi ikaenda yenyewe.

Leo Dada kamtazama muda mrefu.

"Huyu sikumbuki kumchora hivi."

Nikasema, "Ulikuwa umechoka, Dada."

Ulikuwa umechoka! Yaani bora aogope kwamba kichwa chake kinapotea kuliko mimi nishikwe. Nimekaa hapa kitandani na neno hilo halishuki. Chai imenishinda.

Ndege ni mzuri lakini. Mungu anisamehe.

Jumanne, 18 Machi

Hakwenda mazoezi. Amevaa khanga, amekaa mezani tangu asubuhi, anaimba.

"Niende kufanya nini? Kukamua mpira wa sponji na wazee?"

"Na wewe mzee."

"Mzee mwenye mkono kama huu?" Akanyanyua yai langu. Yai lake. Yai.

Nilifungua droo yake kutafuta mkasi, nikakuta dawa. Pakiti nzima, haijaguswa. Nikamuuliza. Akasema zinamlevya, na mtu akipona hamezi dawa — nani anameza dawa ya homa wakati homa imekwisha?

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua. Nikasema, "Muulize daktari kwanza." Akacheka.

Sasa kwa kuwa hatoki, nachora bafuni, bomba likiwa wazi. Anadhani tumbo limeniharibika. Kanichemshia maji ya tangawizi! Nimeyanywa yote, mpaka tone la mwisho, kama adhabu.

Jumapili, 23 Machi

Birika. Alilinyanyua kwa mkono ule ule, limejaa, limechemka. Nilikuwa sebuleni, nikasikia bati likigonga sakafu, kisha yeye — hakupiga kelele, alisema tu "aa", kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

Mguu wa kulia, kuanzia kifundo hadi vidole. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Zahanati. Wamefunga mguu bandeji. Daktari kapiga hesabu ya vidonge, akamtazama juu ya miwani.

"Nani kakwambia umepona, mama?"

"Hakuna aliyeniambia. Mayai."

"Mayai?"

Akamweleza. Mistari, ndege, jinsi mkono ulivyorudi. Alieleza kwa raha, mguu umeungua na uso unang'aa. Daktari kacheka, kasema hajawahi kusikia mayai yakitoa majibu ya vipimo. Kanigeukia mimi: kwani na wewe umeona? Nikasema nimeona mkono ukitetemeka. Dada akasema, "Huyu kila kitu anaona kinatetemeka."

Niliangalia sakafu. Vigae vya kijivu, kimoja kina ufa. Daktari alisema dawa hii haiachwi ghafla, ni hatari, angeweza kuanguka barabarani. Barabarani. Nalirudia neno hilo tangu mchana.

Amekubali kumeza "mpaka kidonda kipone".

Jumatano, 26 Machi

Arobaini yametimia. La mwisho nimelifuta na kulichora huku namsikia akiburuta mguu ukumbini. Niliapa Jumapili kwamba siligusi hata moja tena. Niliapa kabisa.

Alhamisi, 27 Machi

Mwenye duka kaja kuyaona. Kaweka mkono kifuani. Kasema mwaka huu Dada amejizidi, kasema ndege — hasa yule ndege! — yuko hai. Dada aliinamisha kichwa kama bibi harusi. Nami nikajisikia vizuri. Nusu dakika. Kisha nikatamani sakafu ipasuke inimeze.

Halafu yule mama wa duka akatoa wazo lake: Jumamosi Dada akae dukani, kwenye meza karibu na kioo, achore mbele ya wateja. Watu wauone mkono wenyewe. Dada alikubali kabla sentensi haijaisha.

Nikasema, "Na mguu je?"

"Kwani nachorea mguu?" Wakacheka wote.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesema.

Nilijaribu asubuhi, nikaishia kuuliza kama tuna sabuni. Nikajaribu tena wakati wa kula. Saa tisa alikuwa anakunja shuka alizozianua, amekaa, mguu juu ya stuli. Nikasema, "Dada, vanishi haina uchawi. Nilikuwa nafuta. Nachora upya."

Aliendelea kukunja.

"Mangapi?"

"Mengi."

"Nimekuuliza mangapi."

"Thelathini na moja."

Shuka ileile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kona hazikukutana, mkono ulikuwa unacheza. Sikujua kama nimsaidie. Mikono yangu niliikalia.

"Na yule ndege?"

"Mimi."

"Ukaniambia nimechoka."

Ndiyo hivyo tu. Hakuniita mwongo. Afadhali angeniita! Kainuka, kashika ukuta, kaingia chumbani kwake. Jioni nilimpelekea maji na dawa. Alimeza mbele yangu, akanirudishia glasi, hakusema asante — na Dada husema asante hata kwa konda.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nimesimama, haraka.

Nilimkuta mezani tayari. Gauni zuri, mguu kwenye ndala. Mayai yote arobaini mbele yake na trei mbili tupu. Kasema, "Kaa."

Analinyanyua moja kwa mkono wa kushoto, ananionyesha. "Hili?"

"Langu."

Trei ya kulia.

"Hili?"

"Langu."

Haniangalii. Anaangalia yai. Trei yangu ikawa inajaa, yake ina manne, matano. Mistari ya yale matano, ambayo sikupata nafasi ya kuyafuta, imepinda, lakini nilipoyaona peke yao nikaona kitu ambacho sikukiona mwezi mzima: si mabaya. Majani yake yanaonekana kama yanapigwa na upepo. Kwa nini niliyafuta mengine? Nani alinituma?

Halafu akainua moja lenye maua madogo ya bluu. Langu, kila petali. Akauliza, "Hili?" — na safari hii sauti ilishuka kidogo mwishoni, nikasikia.

Nikasema, "Lako."

Neno liliponitoka nilijua nimedanganya tena. Akalitia kwenye trei yake. Lililofuata nalo nikasema lake. Halikuwa lake.

Akageuza yale mawili, akayasogeza karibu na uso, kisha akasema, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, niletee miwani."

Miwani ninayo mkononi. Ilikuwa juu ya kabati, sijaitafuta hata sekunde moja. Nje gari la mwenye duka limefika, honi imelia mara mbili. Dada kapaza sauti dirishani: "Asubiri!"

Namsikia akiyatoa mayai kwenye trei, moja moja, anayarudisha mezani. Yote. Tunaanza kuyagawa upya.

Ananiita.