Aliyeshika Ngazi

3 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Natumai u mzima, na nyumbani hawajambo. Sisi tunaendelea, ila mimi nina kisukari, mwaka wa pili sasa. Najua barua hii itakushtua. Mama akijua nimekuandikia, patachimbika.

Daktari ameniuliza baba alikufa kwa nini. Nikamjibu tunavyojibu siku zote: alianguka akipaka rangi, mdogo wake akaiachia ngazi. Hakuridhika. Alisema sukari yenyewe inauelemea moyo, na kama ugonjwa wa moyo umo kwenye damu ya ukoo, hatari inazidi. Nimuulize aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni wewe.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima, tunakohoa tu kizee. Barua yako imekaa mfukoni wiki saba. Nilikula kiapo, na mwenye kiapo chake yuko kaburini.

Babako alikuwa na sukari, na moyo pia. Hospitali walimwambia apumzike. Akaniapisha nisimwambie mamako, asije akamzuia kazi. Siku ile, akiwa juu, alisema kifua kimembana, jasho likamtoka hadi brashi ikamponyoka. Ngazi haikutikisika. Niliiachia, kweli, ili nimdake. Huu mkono usionyooka unaouona misibani, ulidhani nilizaliwa nao?

Babu yako naye alikwenda vivyo hivyo, na sukari yake, ana miaka arobaini na minne. Babako arobaini na mitatu. Nilitunza siri ya marehemu nikasahau kwamba kaacha mtoto. Nisamehe. Kapimwe moyo. Usinijibu kwanza, nenda.

Baba yako mdogo

9 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

U hali gani, na mkono? Barua yako ilinikuta nimetimiza arobaini na miwili. Nimepimwa. Mshipa mmoja wa moyo umeziba zaidi ya nusu, nami sijawahi kuumwa kifua hata siku moja. Daktari anasema baadhi ya wenye sukari hawayasikii hayo maumivu. Nimelazwa, kesho kutwa wananizibua.

Mama nilimsomea barua yako hapa kitandani. Hakulia. Aliniambia nirudie pale pa mkono, nikarudia mara tatu. Kisha akasema, "Miaka thelathini nimemnyima salamu mtu aliyemdaka mume wangu."

Ameniomba kalamu.

Mwanao

Shemeji, hujambo? Ni mkono wa kulia au wa kushoto? Sikuwahi kukutazama. Njoo.

Shemeji yako