Viwavi kwenye Mipera ya Baba Mkwe

Busale, 9 Januari 2024

Mkamwana wangu Jubilate,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi na mama yako Marta tu wazima, magoti tu ndiyo yanasumbua. Natumaini nyumba yenu hapo nyuma ya migomba nayo ni salama.

Nakuandikia kwa sababu nikimtuma mama yako, anaongeza chumvi. Viwavi wamekula mipera yangu mitatu, vimebaki vijiti. Jirani Zebedayo ameniazima pampu: "Mzee, piga dawa ya mpunga, wafe na ukoo wao!" Lakini wajukuu wanacheza hapo chini. Wewe umesomea kilimo. Huyu mdudu ni nani? Mmoja yumo kwenye kopo hili.

Baba mkwe wako,
Anyelwisye

Busale, 10 Januari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, na mwanao Ambwene amepiga simu kutoka kazini Kasumulu, ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikilia. Miaka miwili tangu nitoke Upare kuolewa hapa, hujanisalimia hata siku moja. Juzi uliponiona njiani ulijitupa kwenye mfereji, Biblia mkononi. Nikasema, mzee huyu amenichukia. Nikimuuliza Ambwene, anacheka tu. Nimemwambia aje na gari baada ya Pasaka, anihamishie kwake Kasumulu.

Kiwavi huyu ni wa nondo, ila nondo yupi siwezi kuapa mpaka atoke. Nimemweka kwenye ndoo yenye udongo na majani, nikafunika chandarua. Rudisha pampu. Mpera wenye afya huchipua tena.

Mkamwana wako,
Jubilate

Busale, 12 Januari

Mwanangu,

Amani ya Kristo. Tu wazima, ila usingizi sikupata. Huyo Ambwene nitamchapa na ndevu zake! Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Mchungaji anasema siku hizi si lazima, lakini baba yangu alimheshimu Marta hivyo mpaka tunamzika, nami sikujifunza njia nyingine. Ule mfereji ulikuwa heshima. Biblia nimeianika siku tatu.

Kumbe mimi nakuheshimu, wewe unalia. Nisamehe. Kuhama au kubaki, hilo ni lenu wawili.

Pampu imerudi. Zebedayo sasa ananiita mchungaji wa viwavi.

Baba yako,
Anyelwisye

Busale, 26 Machi

Shikamoo Baba. Magoti yanaendeleaje?

Ametoka! Mpana kama kiganja, rangi ya tofali, na kila bawa la nyuma lina alama kama jicho. Ni wa jamii ya wale nondo wakubwa ambao viwavi wao hupenda mipera na miembe. Nondo mwenyewe hali kitu. Ana siku chache tu za kutaga. Mwakani, viwavi wakiwa bado wadogo, waokoteni kwa mkono, kuku watashukuru.

Jubilate

Busale, 8 Aprili

Shikamoo Baba,

Ndaga fijo, asante sana kwa mkungu wa ndizi, mama ameufikisha.

Gari lilikuja jana. Nimelipakia magunia mawili ya mchele na Ambwene juu yake, likarudi Kasumulu. Ananung'unika, lakini mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe.

Kesho asubuhi nakuja kuangalia majani machanga ya mipera. Tafadhali uwe shambani mpaka saa nne, tusikutane. Nikichelewa kuondoka nitaimba kwa sauti, usikie, upite njia nyingine. Lakini si ya mferejini.

Mwanao,
Jubilate