Kamba ya Chamundi wa Moto

Kizhakkekara, Payyanur
20 Januari 1994

Ni Anuraj wetu! Pavi, wamemchagua Anuraj! Mwaka huu mungu wetu Chamundi wa Moto atashuka katika mwili wa mwanangu mimi, na wazee wa hekalu walikuja wenyewe hadi mlangoni wiki iliyopita kunipa habari, wameshika majani ya tambuu mkononi.

Mpendwa mdogo wangu Pavithran,

Haya, sasa nikusalimu kama watu. Hujambo? Mgongo vipi? Huko Sharjah unapata wali, au unaishi kwa mikate tu? Sisi ni wazima, ila mimi situlii. Tangu asubuhi nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikakauka, na barua hii naianza upya maana ya kwanza niliimwagia maji.

Nikuambie kweli, hakuna kijana mwingine ambaye wangemchagua. Nyimbo zote za Chamundi anazijua bila kubabaika, na akilala kupakwa rangi za uso hatikisiki hata nzi akimtua puani. Mjomba wetu Kannan, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe, kamtazama weee, kisha akasema, "Huyu hajaharibika." Kwa mjomba, hilo ni shada la maua! Na mke wa Nambiar wa nyumba kubwa, yule anayeninywesha chai kwa kikombe kinachowekwa nje kwa watu wa tabaka letu, nimemwambia waziwazi, "Bibi, jiandae, utamwinamia mwanangu." Akacheka. "Nitamwinamia mungu, Rohini, si mwanao." Nikamjibu, "Miguu ni ile ile niliyoizaa mimi."

Sasa hivi mtoto haishi nyumbani. Yuko kwenye kibanda cha makuti kando ya hekalu, anafunga, anajipikia mwenyewe, samaki hagusi. Kumpikia siruhusiwi, kumgusa siruhusiwi. Nampelekea ndizi, naziweka juu ya jiwe, nasimama mbali kama mgeni. Juzi akaniambia, "Mama, nenda nyumbani. Unanitazama kama naenda vitani." Nikamwambia simtazami yeye, nalinda ndizi zisiliwe na kunguru.

Lakini Pavi, kuna jambo.

Unajua Chamundi akijitupa juu ya lundo la makaa, nyuma yake kuna mtu ameshika kamba ya kiunoni, ndiye wa kumvuta. Miaka yote kamba ilikuwa ya mjomba Kannan. Wewe mwenyewe ulivutwa naye ulipokuwa Chamundi. Sasa mjomba ameteleza kwenye ngazi za bwawa la hekalu, kifundo cha mkono kimevunjika, hawezi kushika hata kijiko. Wazee wakampa kamba Rijesh, mtoto wa binamu yetu Damodaran. Mwezi uliopita wakawasha moto mdogo katika hekalu la ng'ambo ya mto, ili vijana wazoee. Rijesh ana nguvu kama fahali, na sina ubaya naye. Ila ana heshima mno! Mwanangu kalala juu ya makaa, Chamundi akapaza sauti kama ilivyo desturi yake, "Baridi! Nasikia baridi! Niache!" Na Rijesh, kwa kumcha mungu, akaiachia kamba.

Aliiachia, Pavi! Akaunganisha viganja kifuani, akainama. Mungu kasema niache, naye kaacha. Mjomba Kannan na bandeji yake ndiye aliyeruka, akamburuta mtoto kwa yale makuti anayovaa kiunoni. Anuraj aliungua kiwiko, kidogo tu, kimeshapona. Lakini ule ulikuwa moto mdogo. Huu wetu unaujua, lundo lake linampita mtu kimo.

Mjomba alimfokea Rijesh mbele ya umati. "Punguani wewe! Akisema niache, ndiyo unavuta!"

Rijesh analia machozi. "Babu, mimi nitabishanaje na mungu?"

Na unajua, watu wengi pale walitikisa kichwa kumkubalia. Tangu siku hiyo nawapima vijana wote wa ukoo kwa macho. Wazuri, wana adabu. Wote watamtii.

Ndiyo maana nakuandikia. Namtaka mtu mbishi. Wewe umebishana na baba, umebishana na walimu, umebishana na daktari huku anakushona, hata siku ya harusi yako ulibishana na mnajimu. Na umelala juu ya makaa yale. Unajua mwili unapofika mwisho wake, hata kama mdomo bado unasema baridi.

Najua uliapa hutautazama tena ule moto. Nimeona unavyozipanga likizo zako, kila mara unakuja wakati wa mvua, hekalu limefungwa na kuni zote zimelowa. Sijawahi kukuuliza, na leo pia sikuulizi. Nakuomba, njoo ushike kamba. Ukikataa sitakununia, lakini nitajifungia ndani siku hiyo, na Chamundi atakapoishika mikono ya watu kuwabariki, wangu hautakuwepo. Mimi, niliyejitapa kijiji kizima!

Nilimtajia Anuraj jina lako. Alimenya ndizi yake polepole, kisha akauliza, "Mjomba Pavi atakubali?" Nikamwambia atakubali. Sasa usiniumbue.

Mwambie bosi wako dada yako mgonjwa. Si uongo, wiki nzima sijapata usingizi.

Mjomba Kannan anakusalimu, anasema kamba mpya ameisimamia mwenyewe ikisukwa. Shemeji yako Balan anakusalimu, naye anajifanya hana wasiwasi lakini anajikata mashavu kwa wembe kila asubuhi. Shangazi Madhavi anauliza kama umenenepa. Chamundi akufungulie njia, huko angani na huku chini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinibishia,
Rohini

Mshika kamba naye hufunga, kwa hiyo wewe wahi. Wengine wote, kuanzia nyumba ya Nambiar hadi watoto wa ng'ambo ya mto, tunawatarajia uwanjani Jumamosi, tarehe saba ya mwezi wetu wa Kumbham, yaani 19 Februari, kabla jua halijachomoza.