Nyasi za Kutandika Arusini Kwako

Bukoba, ufukweni

Koku mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, na mama yako mpe nusu. Leo nimevuka vilima vya mchanga vya kando ya ziwa, ambako Serikali imekataza watu kukata kitu. Mchanga unaunguza, mtu mwingine angelia. Mimi nilitembea peku, na kiboko aliyelala njiani aliponiona akanipisha. Nilifuata nyasi zile laini za kutandika sakafuni, maana wageni wako wa arusi hawatakanyaga udongo mtupu mjomba wako akiwa hai.

Nilipoinama tu na mundu, mlinzi akapiga kelele, "We mzee! Hapa halikatwi hata jani!"

"Waitu, ndugu yangu, ninamwoza mpwa wangu! Kwenu mlitandika nini, magazeti?"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akanionyesha kilima kimoja. "Kile upepo umekisukuma hadi nje ya mawe ya mpaka. Si cha Serikali tena. Kata."

Nimekata mzigo ambao wanaume wanne hawauinui, nami nakuja nao kichwani huko kwenu Kishanda. Mama yako asitandike kitu. Nakupenda kuliko wanangu, ila usiwaambie.

Mjomba wako,
Rwegasira