Sauti ya Maman kabla ya Kisu

Jumatatu, 1 Juni

Mvua imekwisha, vumbi limeanza. Nimefika ofisini Kamembe kabla ya Innocent, mwenzangu wa kazi, nimewasha kompyuta, nimefungua ukurasa wetu kwa simu ya zamani, nimesubiri. Nimesubiri mno. Asubuhi nzima ikawa kazi ya kutoa: picha kubwa ya juu, herufi za mapambo, furushi zima la msimbo wa watu wengine tulilolibeba kwa ajili ya kitufe kimoja. Kitufe nimekiandika mwenyewe. Mistari michache tu. Sasa unafunguka.

Kumbuka: kila unachoongeza, anayekibeba ni mwenye simu mbovu.

Shirika lililotupa kazi hii linaitaka kwa ajili ya familia zilizogawanywa na mpaka. Unabonyeza, unaongea, sauti inamfikia mtu wako ng'ambo, hata kama mtandao wake ni wa kuja na kuondoka. Mpaka umefungwa tangu baada ya Pasaka. Hakuna anayejua hadi lini. Mimi mwenyewe ni wa familia hizo. Maman, mama yangu, yuko ng'ambo, Bukavu, mtaa wa Kadutu, pamoja na mdogo wangu Neema. Kutoka mlangoni kwangu Mururu naona mabati ya Bukavu yanang'aa jua likipanda. Karibu hivyo. Mbali hivyo.

Nina hamu na Maman. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapo.

Jumatano, 3 Juni

Neema amepiga. Rovu la Maman, ule uvimbe wa shingoni, limekua, linabana koo. Analala ameketi. Daktari ameamua kulitoa Jumatano ijayo. Halafu Neema akasema jambo la mwisho harakaharaka, kama mtu anayevuka dimbwi: mshipa wa sauti unapita palepale. Sauti inaweza kubadilika. Inaweza kwenda kabisa.

Maman alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Sauti yake ilikuwa inatoka darasani, inavuka uwanja, inakukuta umejificha chooni. Nimeisikia tangu tumboni na sijawahi kuirekodi hata mara moja. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kurekodi sauti za watu.

Naogopa. Nikipiga simu inakatika kila baada ya sentensi. Nimeamua Maman atautumia ukurasa wetu kabla ya kisu. Haujakamilika. Atautumia hivyo hivyo.

Ijumaa, 5 Juni

Muganza, majaribio. Tumewangoja wafanyakazi wa kiwanda cha saruji watoke zamu. Wa kwanza kukubali alikuwa Papa Juma, mpakiaji, mke wake yuko Uvira kwa wazazi na hajarudi tangu mpaka ufungwe. Mtu mpole. Alijipangusa mikono kwanza, kama anayekwenda kushika Msahafu.

Jua lilikuwa kali. Kitufe changu cha kijivu hakikuonekana. Kidogo pia, kwa vidole vile. Aibu yangu. Alikipata, akaenda kando, akaongea na mke wake muda mrefu ameinamia simu. Alipomaliza, ukurasa ukaganda. Nilikuwa nimeiagiza simu iifinye sauti yote iwe nyepesi, hapohapo inapoendeshea vitufe, kwa hiyo vitufe vikafa mpaka kazi iishe. Akabonyeza tena, na tena. Ukajifunga. Kila kitu kikapotea.

"Nilikuwa nimemwambia muzuri sana," alisema. "Sasa mara ya pili nitaanzia wapi?"

Alianza tena hata hivyo. Kwa ufupi. Akaniuliza kama kweli mke wake atasikia. Nikamwambia ndiyo.

Kumbuka: kazi nzito ifanyike pembeni, kitufe kibaki hai. Kitufe kiwe kikubwa, cheusi juu ya cheupe. Na usijaribu programu ofisini kivulini ukasema umeijaribu.

Jumamosi, 6 Juni

Kitufe nimekitengeneza. Tatizo la kuganda nimeliondoa. Nikamtumia Neema anwani ya ukurasa.

Alasiri akapiga, ana furaha. Maman ameongea! Ameongea mpaka amechoka! Ukurasa umeandika "Imetumwa". Nikafungua seva, kompyuta yetu inayopokea sauti. Hakuna kitu. Nikafungua tena. Hakuna.

Nilijua papo hapo. Mimi ndiye niliyeandika neno lile lionekane mtu anapobonyeza, si seva inapojibu. Nilitaka ukurasa uonekane mwepesi. Mtandao wa Kadutu ukakatika katikati, ukurasa ukasema "Imetumwa", ukafuta.

"Basi maneno yote ile imepotea?" Neema aliuliza.

Nikasema ndiyo. Nikamuuliza Neema, Maman alisema nini? Alikuwa jikoni, hakusikiliza, alitaka kumwachia nafasi. Alisikia tu kwamba mahali fulani Maman alilia kidogo, halafu akacheka. Sasa anakohoa. Leo hawezi kurudia.

Nimelia chooni ofisini na bomba nimelifungua ili Innocent asisikie. Amesikia. Amejifanya hajasikia.

Jumapili, 7 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri. Toka kanisani moja kwa moja ofisini.

Nimeandika upya sehemu yote ya kutuma. Sauti sasa inakatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kinawekwa katika hifadhi ya simu yenyewe mtu angali anaongea. Simu ikizima, kilichokwisha kusemwa kipo. Kila kipande kina jina lake kililozaliwa nalo simuni, hivyo kikitumwa mara mbili seva inakitambua na haikirudufu. Kikikataa, kingoje kidogo, kijaribu, kingoje zaidi. Kisiugonge mlango kama mwendawazimu.

Na maneno. Matatu, tofauti: "Imehifadhiwa kwenye simu." "Inatumwa." "Imefika." La mwisho lisitoke mpaka seva yenyewe iseme.

Kumbuka: mwambie mtu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba bado.

Nimemwandikia Papa Juma arudie tena, kwa kuwa ujumbe wake wa pili nao haukufika. Nimemwomba radhi. Amejibu: Hakuna shida Mama, maneno bado ninayo mengi.

Jumanne, 9 Juni

Maman amelazwa. Wodini data hakuna kabisa. Jioni Neema ameniletea ujumbe mfupi wa maandishi, ndio pekee unaopita: Maman ameongea tena. Ukurasa umeandika imehifadhiwa kwenye simu.

Basi sauti ya mama yangu iko ndani ya simu ya Neema, kitandani, ng'ambo. Naiona Bukavu. Sauti siioni. Nimeketi mlangoni mpaka baridi ikaniingiza ndani.

Jumatano, 10 Juni

Siku mbaya.

Maman ameingia chumba cha upasuaji asubuhi. Mimi nimekuja kazini kwa sababu nyumbani ningepasuka. Innocent kanipokea anatabasamu. Amefika mapema ili anisaidie, amemaliza toleo jipya, amelitoa. Watu wote wakifungua ukurasa sasa watalipata.

Nikamuuliza: umebadilisha umbo la hifadhi ya simuni? Akasema ndiyo, limekuwa safi sasa. Nikauliza: na simu yenye vitu katika umbo la zamani?

Tulikuwa tumekubaliana sote wawili, zamani za majaribio: ukurasa ukikuta umbo la zamani, ufute, uanze upya. Wakati ule hakukuwa na cha kupoteza.

"Rudisha!" Nimepiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele. "Rudisha, Maman yangu eko mule ndani!"

Amerudisha toleo la zamani. Lakini simu yoyote iliyofungua ukurasa asubuhi imekwisha kulichukua lile jipya. Nimempigia Neema. Hapatikani. Nimeandika ujumbe: Usifungue ukurasa. Nimeuandika tena. Wakati huohuo sijui kama Maman anapumua. Nilikuwa na hofu mbili na sikujua niishike ipi.

Innocent akavuta kiti chake karibu na changu. Tumeandika pamoja njia ya kuhamisha: chukua kila kipande cha zamani, kinakili kwenye umbo jipya, hesabu vilivyotoka na vilivyoingia, vikilingana ndipo ufute vya zamani. Visipolingana, usiguse kitu. Yeye ameijaribu kwa simu ya zamani, ameiharibu makusudi katikati, ameiwasha tena. Vipande vikawapo. Akaenda kuniletea chai na mandazi. Sikuweza kula. Akala ya kwangu pia, kwa woga.

Kumbuka: toleo jipya halianzi dunia. Linaikuta simu ya mtu ina vitu vyake ndani. Viheshimu.

Saa za alasiri, Neema: Ametoka. Anapumua. Sijafungua kitu.

Nimeweka kichwa juu ya meza.

Alhamisi, 11 Juni

Neema ametoka nje ya lango la hospitali, mahali penye data. Nikamwambia sasa, fungua. Nikakaa mbele ya seva.

Hakuna. Hakuna. Halafu kipande. Halafu kingine. Vikaja kama watu wanaotoka kanisani, mmoja mmoja, halafu wengi. Katikati vikasimama. Neema akasogea hatua kadhaa barabarani. Vikaendelea. Kwenye simu yake ikaandikwa "Imefika". Mara hii neno lilikuwa kweli.

Innocent akatoka nje, akafunga mlango taratibu. Nikavaa visikilizio.

Nilidhani ataniachia baraka. Wosia. Kitu cha kuweka. Maman ameanza kwa kumgombeza Neema: "Hii kitu inasikia? Mbona haiongei? Neema, iko inanisikia ao iko inaniangalia tu?" Halafu pumzi ile ya kubanwa. Halafu jina langu. Si Solange, la ofisini. Nsimire, la nyumbani, la lugha yetu ya Kishi, ambalo upande huu hakuna anayeniita.

"Nsimire. Ile ya kwanza nilishasema, ikapotea, basi sisemi tena mambo ya kulia. Unakula? Ule. Ile nyumba ya Mururu inaingiaka baridi, ufunge dirisha. Kama nikitoka pale ndani na sauti ingine, usiogope. Itakuwa miye tu."

Halafu akamuuliza Neema inazimwa vipi. Hawakujua. Zikaendelea sekunde nyingi za wodi: sahani, mtu anayekohoa, Maman anamwambia mgonjwa wa jirani kwamba binti yake anafanya kazi ya kompyuta.

Nimesikiliza mpaka mwisho. Mara moja. Sikuweza mara ya pili.

Jumapili, 14 Juni

Simu imelia, namba ya Neema. Nikapokea. Sauti kavu, ya chini, kama mtu anayeburuta kiti mchangani. Nikauliza, "Ni nani?"

Alikuwa Maman.

Neema akachukua simu, akasema daktari amekataza aongee sana, tutapiga siku nyingine. Yule mwanamke alikuwa ameniambia usiogope, ameniambia kabisa, kwa mdomo wake, na mimi nimeuliza ni nani.

Najichukia leo.

Jumamosi, 20 Juni

Ukurasa umefunguliwa kwa watu wote. Unafanya kazi. Innocent amebandika ukutani karatasi kubwa: KABLA YA KUFUTA, ULIZA NI CHA NANI. Papa Juma amepiga simu ofisini kusema mke wake amejibu. Mume na mke wamegombana kwa sauti za vipande, jambo la mbuzi, na wamepatana. Amecheka sana. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegombana na mtu wake.

Mimi sijampigia Maman wiki nzima. Nimekuwa nikisingizia kazi. Kweli ni kwamba naiogopa sauti ile. Usiku nafungua ile ya zamani, nasikia "Nsimire", nafunga. Nina hamu na mtu ambaye yuko hai, anakula uji, anauliza kwa nini sipigi.

Nimempigia leo jioni. Nilisema mimi kwanza, ili nisiulize kitu: "Maman, ni miye." Akasema, kwa sauti ile: "Najua. Miye nakujua."

Hatukusema zaidi. Ilitosha kuniangusha.

Jumapili, 28 Juni

Leo tumeongea muda mrefu. Mtandao ulikuwa mzuri, jambo la ajabu. Maman amerudi nyumbani. Ameanza kula sambaza, dagaa wa ziwani, na analalamika kwamba Neema amewatia chumvi nyingi. Jirani mpya anafuga nguruwe. Anapumzika kati ya maneno, na mimi nimejifunza kungoja bila kumkatiza. Alinieleza habari ya nguruwe mpaka mwisho. Nilicheka.

Tulipomaliza nikaosha vyombo, nikafagia. Ndipo nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimeitafuta sauti yake ya zamani.

Mpaka bado umefungwa. Neema anasema kovu ni jembamba, limezunguka shingo kama uzi, na linamwasha wakati wa joto. Wanalipaka mafuta asubuhi na jioni.

Nataka kulipaka mimi. Kwa kidole changu, taratibu, kuanzia upande mmoja hadi mwingine.