Maji Maskini, Maji ya Maskini

Dodoma, Alhamisi

Dada yangu Mwanaisha,

Leo asubuhi Akida amepiga mbiu sokoni kwamba lambo la hapa ni la maskini, na mtu mwenye ng'ombe asilisogelee. Amesema kauli hiyo ni ya Mdachi anayechunguza maji. Mdachi mwenyewe asema hajapata kutamka neno hilo. Nimewauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, na wote wawili wameniapia. Mpaka naandika haya sijui nani amesema nini, na jambo hili halinitokei mara nyingi.

Shikamoo dada, miguu yote miwili. Najua utasema gazeti limeniharibu adabu, nimetanguliza habari nikasahau salamu. Niwie radhi. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanawasha kwa vumbi, maana huku upepo hauna kazi nyingine. Chakula ni ugali wa uwele na mlenda, nimeuzoea. Mguu wa mama unaendeleaje? Na shemeji, bado anakataa kunywa dawa mpaka umfokee? Nijulishe.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, huenda wewe ukaelewa.

Lambo liko nyuma ya stesheni. Mvua zilipokoma, Bwana Shauri, ndiye mkuu wa boma, aliamuru lizungushiwe miiba ili ng'ombe wa Wagogo wasiingie, kwa kuwa watu wa mjini huteka maji hapo na gari la moshi hujazwa hapo. Niliandika gazetini kwamba maji yametakata hata mtu huona vidole vya miguu yake. Ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli.

Kisha akaja huyu Mdachi wa maji. Alitia vifaranga vya perege lamboni, wakue wawe kitoweo cha watu wa reli. Perege hawakukua. Wako hai, lakini ni walewale wa urefu wa kidole. Basi kila siku huingia majini na kifuko cha hariri, akachuja, akatazama kilichobaki. Watu wa pwani tulioko hapa tumempa jina la Bwana Kifumbu, kwa sababu anavyokamua kile kifuko ni kama wewe unavyokamua tui.

Jana alituita mimi na Akida barazani kwake. Alikuwa amepanga chupa tatu za kioo, zote za maji ya lambo, zilizokaa juani siku nyingi. Ya kwanza hakutia kitu. Ya pili alitia samadi ya ng'ombe kidogo. Ya tatu alitia samadi nyingi. Akanipa darubini, si ile ya kuangalia mbali, ni ya kuangalia karibu. Nakwambia nilichokiona mwenyewe. Majini mna wadudu wadogo kuliko chawa, wanaruka kama viroboto, na mwili wao ni kama kioo, unaona hata matumbo. Jike hubeba mayai mgongoni, kama mama aliyembeba mtoto kwa kanga. Katika chupa ya maji matupu walikuwa wachache na migongo yao mitupu. Katika chupa ya samadi kidogo, maji yalikuwa ya chanikiwiti, wadudu tele, na migongo yote imejaa. Katika chupa ya samadi nyingi walikuwa wamekufa wote.

Nikamwuliza, "Bwana, hii ya katikati ina mavi?"

"Ndiyo."

"Na ndimo wanamozaa?"

"Ndiyo. Ile safi, maji hii maskini. Maskini sana. Hapana chakula."

"Mbona Bwana Shauri atuambia uchafu ni ugonjwa?"

"Kweli vilevile."

"Sasa mtu anywe maji gani?"

"Mtu chemsha," akasema, akacheka peke yake.

Alinieleza kwamba wale wadudu hawali samadi. Samadi huyeyuka, ule ukijani wa majini hula kilichoyeyuka, mdudu hula ukijani, perege hula mdudu. Kimoja kikipungua chini, wote wa juu husimama. Nikakukumbuka wewe na vitumbua vyako: hata ukiwa na mchele wa kulisha mtaa mzima, nazi ikiwa moja, utapika vitumbua vya nazi moja. Jua la huku ni mchele, dada. Ni tele. Hiyo nazi ndiyo inayokosekana. Mpaka hapo nilidhani nimeelewa. Huenda Akida, aliyekuwa amekaa nami akisinzia, alishika maneno mawili tu, maji na maskini, na asubuhi akayapeleka sokoni.

Aliyeumizwa na mbiu ni mjane mmoja wa Kigogo, Mama Nyemo. Ana ng'ombe wanne, na mmoja ana mimba karibu kuzaa. Tangu miiba ilipowekwa, huwanywesha kwenye shimo alilochimba katika mchanga wa mto mkavu, akiteka kwa kibuyu, ng'ombe mmoja mmoja. Nimekwenda kuliona shimo. Ukiingiza kibuyu kinatoka na tope. Likikauka, itambidi awapeleke kwa shemeji yake huko Mvumi, na ng'ombe akishakwenda kwa shemeji, aliniambia, kinachorudi ni maneno. Alikuwa akingoja miiba ifunguliwe. Badala yake akasikia mbiu.

Alasiri alikuja bomani mbele ya Bwana Shauri. Nilikuwa nimekaa karibu. Akida, ambaye si mtu mbaya, alimwinamia akamnong'oneza, "Mama, sema tu wewe ni maskini, uingize ng'ombe, yaishe."

Mama Nyemo hakunong'ona. "Mimi? Maskini? Nina ng'ombe wanne!"

"Ng'ombe wanne ni mali gani, mama? Nawe mjane."

"Wa kwako wangapi?"

"Mimi sina ng'ombe."

"Haya, baba, nenda kanywe. Lambo ni lako."

Watu waliangua kicheko, na askari mmoja akageukia ukutani asionekane. Bwana Shauri akagonga meza, akataka kujua kichekesho ni nini. Hapo Bwana Kifumbu akasimama, uso mwekundu, akapaza sauti: "Hapana ya maskini! Maji yenyewe maskini!"

Mama Nyemo akanigeukia. "Wewe mla nazi, huyu anasemaje?"

"Asema lambo ndilo maskini, mama, kwa sababu halipati samadi."

"Lambo lina ng'ombe wangapi?"

"Hakuna. Wamezuiwa."

"Basi amesema kweli. Asiye na ng'ombe tumwite nani?"

Wagogo wote wakaitikia kwa vichwa, na Bwana Kifumbu naye, kwa furaha, kana kwamba amepata mwanafunzi. Mimi sikuitikia. Dada, sijui kama yule mama alimwelewa Mdachi, au Mdachi alimwelewa mama, au kila mmoja alikuwa na maana yake na wamekutana tu katika neno moja, kama wageni wawili walioingia nyumba isiyo yao. Nimeuliza tena jioni. Bwana Kifumbu asema ameeleweka kabisa. Mama Nyemo asema Mdachi amejifunza leo jambo ambalo mtoto wa Kigogo hulijua.

Bwana Shauri hakupenda. Alisema maji ya gari la moshi si ya kuchezea. Bwana Kifumbu alimjibu kwa Kidachi, maneno marefu, kisha akatugeukia kwa Kiswahili: "Ng'ombe nne tu. Kidogo. Mingi inaua." Mwisho hukumu ikakatwa hivi: lambo litagawanywa kwa miiba. Upande wa magharibi utabaki wa watu na gari la moshi. Upande wa mashariki utafunguliwa kwa ng'ombe wanne wa Mama Nyemo, na si wa mwingine. Maji yakinuka kabla ya mwezi mwandamo, miiba itarudishwa na ng'ombe watakwenda Mvumi. Nilimwuliza Bwana Kifumbu kama yatanuka. Alisema huenda. Nikamwuliza kama perege watakua. Alisema huenda.

Mama Nyemo aliposikia hukumu hakushukuru. Alisema, "Mwandike kwamba ng'ombe wangu wanalilisha lambo. Nisije nikasikia kisimani kwamba nimepewa sadaka." Mkalimani wa boma akayafasiri kwa Kidachi. Bwana Shauri akasema yaandikwe hivyo.

Gazetini bado sijapeleka kitu. Nikiandika kwamba maji safi yana njaa, watasema jua la huku limenipata. Nikiandika kwamba samadi ni nzuri kwa maji, kesho utasikia mtu ametia kisimani, na watoto wataugua. Yote mawili nimeyaona kuwa kweli, na siwezi kuyaweka katika sentensi moja. Ukipata namna ya kuyasema, nieleze. Wewe hukufundishwa kuandika habari, huenda ndiyo bahati yako.

Nishikie mama miguu, na mwambie mwanawe anakula. Msalimie shemeji, anywe dawa. Mpe salamu shangazi anayekaa kwako, asiyeniamini kwamba Dodoma hakuna nazi, na jirani yetu fundi wa makuti, mtani wangu, mwambie huku nyumba ni za udongo mpaka juu, angekosa kazi.

Wino na taa vyote vinaisha, na sina zaidi ninalolijua kwa hakika. Jumatatu jua likichomoza miiba ya upande wa mashariki itaondolewa, na Mama Nyemo amekwisha kusema kwamba yule mwenye mimba ndiye atakayetangulia kuingia.

Ndugu yako akupendaye,
Hemedi